Damu Isiyozuia Sala

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu wasomaji, wamo katika nyumba zetu, hapa Shinyanga, Kahama, na huko Geita kwenye machimbo ya dhahabu, mama zetu na dada zetu waliopatwa na saratani ya shingo ya kizazi. Katika Tanzania, hiyo ndiyo saratani iwapatayo wanawake wengi kupita nyingine zote. Mojawapo ya dalili zake ni damu itokayo nje ya siku za hedhi, au baada ya hedhi kukoma kwa utu uzima. Katika kusomesha kwetu tumeona jambo la kusikitisha: wapo waachao sala miezi mingi, wakidhani ya kuwa damu ile imewazuilia. Hivyo mgonjwa hupatwa na misiba miwili: mwili unamuuma, na mlango aliozoea kumlilia Mola wake ameufunga kwa mkono wake mwenyewe.

Sheria haikusema hivyo. Bibi Fatima binti Abi Hubaysh (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.), akamweleza kuwa damu haimkatiki, akauliza kama aache sala. Mtume alimjibu kwamba sivyo, kwani ile ni damu ya mshipa wala si hedhi. Siku za hedhi zikija aache, zikipita ajitahirishe, kisha asimamishe sala. Habari hii imo katika Bukhari. Nao maulamaa wa Kishafii wamefundisha ya kuwa hedhi haizidi siku 15. Izidiyo hapo ni istihadha. Mwenye istihadha hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha kila wakati wa faradhi uingiapo, akasali. Asiyeweza kusimama husali hali ameketi, na asiyeweza kuketi husali hali amelala.

Tena tazameni: Bibi Fatima hakuona haya kuuliza. Basi mwanamke aonaye damu isiyo ya kawaida na aulize mara mbili: kwa mwenye ilimu juu ya sala yake, na kwa daktari juu ya mwili wake. Uchunguzi wa kupaka siki kwenye shingo ya kizazi huonyesha mabadiliko kabla hayajawa saratani, na matibabu yapo katika Hospitali ya Bugando, Mwanza. Na mabinti wapelekwe kwenye chanjo, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Mtume ametuamrisha kutafuta dawa, wala hilo halipunguzi kumtegemea Mungu.

Nasi wanaume tusimwambie mgonjwa ya kuwa maradhi ni malipo ya dhambi zake. Nabii Ayubu (a.s.) aliugua ilhali ni mja mwema, akamlilia Mola wake, na Kurani ikamwita mwenye kusubiri. Kilio si ukosefu wa subira. Tumtekee mama maji ya udhu, tumtandikie msala, tumfikishe hospitali.

Ee Mola, waponye wagonjwa wetu, na uwape utulivu wa moyo. Amin.