Kupima Bei ya Dizeli Kuukuu

Mkwiro hakuna gari. Kijiji kimekaa ncha ya mashariki ya kisiwa cha Wasini, na kisiwa chenyewe, urefu wake kama kilomita tano, ni jabali la matumbawe lenye njia za miguu tu. Anayetaka kupanda gari avuke kwanza hadi Shimoni. Hata hivyo, tangu utoto wangu nilizoea kuona watu wa ng'ambo wakimfuata ami yangu aende akawatazamie gari la dizeli kabla hawajatoa pesa. Walitoka Shimoni, Majoreni, hata Msambweni, na hakuna aliyeona ajabu kwamba ami hakuwa na gari wala hakujua kuendesha. Alikuwa fundi wa injini za mashua. Dizeli ni dizeli, akisema, iwe inazungusha rafadha au inazungusha gurudumu. Na mtu aliyewahi kuzimikiwa na injini karibu na Mpunguti wakati wa kusi huwa na masikio makali kuliko dereva anayeweza kushuka akasukuma.

Mimi nilimbebea spana. Kazi ile ndiyo iliyonifunza bei, maana ami hakuwa na desturi ya kueleza. Ulitazama anachogusa, ukasikiliza anachouliza.

Gari lililokuwa na jina wakati huo, miaka ya 80, lilikuwa Pijo 504 stesheni wagoni, lile refu la safu tatu za viti. Peugeot waliitoa 504 mwaka 1968, stesheni ikafuata 1971, na huku kwetu magari hayo yaliunganishwa Mombasa katika kiwanda cha AVA. Safari Rally ilikuwa imelipandisha cheo: Ove Andersson alishinda nalo mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas akashinda tena 1978. Magari yale ya mashindano hayakuwa ya dizeli, wala hayakuwa stesheni, lakini sifa haichagui bodi. Kilicholiweka stesheni barabarani hasa ni ekseli yake ngumu ya nyuma iliyokaa juu ya springi nne za koili, mbili kila upande. Ukiijaza watu, magunia ya nazi na tenga la samaki juu, ilishuka kidogo ikatulia, ikaenda. Ile ya dizeli ilikuwa nzito kuondoka na yenye kelele, lakini haikuwa na plagi za cheche wala waya za kulowa mvua, na ilikunywa kidogo.

Sasa bei. Hakuna aliyekuwa na orodha. Mwaka wa gari haukuulizwa sana, na mita ya kilomita ilikuwa kama saa ya ukutani iliyosimama, kila mtu anaiona na hakuna anayeitegemea. Ami alianza na maswali ya maisha ya gari. Nani alilinunua likiwa jipya? Baada yake likaenda kwa nani? Dereva wake alikuwa nani, mmoja au wengi? Limelala wapi, barazani au chini ya mnazi ufukweni? Swali lililowashangaza wauzaji ni la maji: rejeta ilikuwa ikijazwa maji gani? Visima vingi vya ukanda huu vina maji ya chumvichumvi, na dereva mvivu alichota kisimani akamimina. Maji hayo hula hedi kwa ndani polepole, na siku injini inapochemka, mwenye gari husema ni bahati mbaya. Kwa ami, gari lililonyweshwa maji ya kisima lilipoteza thamani hata kama lilikuwa linawaka vizuri siku hiyo. Pijo iliyokuwa ya mwalimu mkuu mmoja, yenye rangi iliyobabuka, aliwahi kuipa bei kubwa kuliko nyingine iliyong'aa iliyotoka mnadani, kwa sababu ya mwalimu alimjua dereva na ya mnadani hakumjua hata mtu mmoja aliyewahi kuishika usukani.

Baada ya maswali ndipo alipoligusa. Alitaka kufika alfajiri, kabla halijawashwa. Kitu cha kwanza ni kuweka mgongo wa mkono juu ya boneti. Ikiwa ina joto, alisalimia, akakubali kahawa, akasema atarudi kesho, kwa sababu mwenye kuipasha moto injini ya dizeli kabla mnunuzi hajafika ana analolificha. Ikiwa baridi, alimwambia mwenyewe awashe taa ya hita, angoje izimike, kisha apige stata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye eksozi. Moshi mweupe unaokwisha baada ya muda mfupi si neno. Ule usiokwisha na wenye harufu ya dizeli mbichi ni kampresheni iliyochoka, au noseli. Wa buluu ni oili inaungua. Mweusi gari likipanda mlima ni pampu au chujio la hewa, na hapo uso wake ulilainika, maana hayo yana tiba. Mwisho alifungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa inanguruma, akakigeuza na kukiweka juu ya tundu bila kukikaza. Kikitulia kikitetemeka kidogo, ringi bado zipo. Kikirukaruka na kuanguka, ami alikiokota, akakirudisha, akapangusa mikono na kumwita mnunuzi kando.

Kando kule ndiko bei ilikotajwa, na haikuwa kubahatisha. Alianza na bei ambayo gari zima la namna ile liliuzwa mara ya mwisho, ambayo kila mtu kutoka Likoni hadi Lunga Lunga alikuwa anaijua, kisha akatoa: kufungua injini ni kiasi hiki, springi kiasi hiki, kutu ya sakafu kiasi hiki, na siku ambazo gari litalala gereji bila kuingiza kitu nazo ni pesa. Kilichobaki ndiyo bei. Nimewasikia watu wakisema wazee walipima kwa moyo. Ami alipima kwa kutoa.

Kutu ilikuwa na sura yake peke yake katika hesabu ile. Gari la pwani huoza kuanzia chini: vizingiti vya milango, sakafu ya nyuma kwenye ndoo za samaki, mahali springi zinapokaa. Gari la bara huja na bodi kavu, lakini limepanda milima na kubebeshwa. Wauzaji wa Mombasa walipenda kusema "hili ni gari la Nairobi" kana kwamba ni sifa kamili. Ami aliwajibu kwamba bodi huchomelewa Ukunda kwa siku mbili, injini haichomelewi.

Mabadiliko yalianza na namba. Mwaka 1989 Kenya iliingia kwenye namba za KAA. Kwa magari yaliyounganishwa hapa nchini, herufi zilikuwa kama cheti cha kuzaliwa: ukiona herufi umejua umri. Kisha katika miaka ya 90 bandari ya Mombasa ikafunguka kwa mitumba ya Japani, na herufi zikaanza kueleza siku gari lilipoingia Kenya tu. Gari lenye namba mpya lilikuwa limeshamaliza ujana Osaka. Maswali ya ami yakakosa wa kuyajibu. Nani alikuwa dereva? Hakuna ajuaye. Maji gani? Hakuna ajuaye. Kwa mara ya kwanza tulikuwa tunanunua gari lisilo na watu.

Mwaka 1997 uliivuruga bei kwa njia nyingine. Fujo za Likoni zilizuka Agosti, watalii wakakimbia Diani, na mvua za El Niño zikafuata zikakata barabara. Mahoteli yalifunga, na wenye magari ya kubebea wageni wakauza kwa bei yoyote. Wazungu waliokuwa wakiondoka waliacha magari kwa madalali na funguo juu. Gari zuri liliuzwa kwa bei ya gari bovu, na mtu mwenye akiba kidogo wakati ule alijiona mjanja. Ami alikataa kuyatumia mauzo ya miezi ile kama kipimo. Bei ya mwenye njaa, akisema, si bei ya gari. Nadhani hapo alikuwa sahihi nusu tu. Wanunuzi nao walikuwa na njaa, na gari bila abiria halina kazi.

Mimi nilirithi kazi hiyo wakati stesheni za Toyota na Nissan zilipokuwa zimechukua nafasi ya Pijo. Ilibidi kujifunza upya. Kwa Toyota, nambari ya chasi ndiyo iliyosema ukweli: Corolla ya CE ni ya dizeli, ya AE ni ya petroli, hata dalali aseme nini. Injini ya 2C, lita mbili kasoro kidogo, ni mvumilivu mpaka ichemke. Ikichemka, hedi hupasuka, na ile yenye turbo ndiyo maarufu zaidi kwa ugonjwa huo. Kwa hiyo nilianza kufungua rejeta injini ikiwa baridi, iwashwe, nitazame kama maji yanatoa viputo. Na kulikuwa na taa ndogo ya T-BELT kwenye dashibodi, ambayo huwaka kila kilomita 100,000 kukumbusha mkanda wa taimingi ubadilishwe. Gari lenye mita ya kilomita 70,000 na kibandiko kwenye boneti kinachoonyesha mkanda umebadilishwa, hilo limerudishwa mita. Mwenye kulirudisha alisahau kubandua karatasi. Wengi walisahau.

Magari ya dizeli yalikuwa mengi siku zile. Japani ilikuwa imekaza sheria za moshi wa dizeli mijini, na Oktoba 2003 Tokyo ikayazuia malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango. Dizeli ilipokosa makao kule, sisi tulikuwa tayari kuipokea. Kwa kuwa zilikuja nyingi zinazofanana, bei ikawa rahisi: ulilinganisha tu. Halafu simu zikaja na picha, na mnunuzi wa leo hunionyesha magari kumi kwenye kioo kabla hajanisalimu. Mita, mwaka, rangi, bei. Maswali ya ami yakaonekana ya kizamani, na kwa gari la petroli kama Probox sitamdanganya mtu: orodha ile inatosha karibu kila kitu, fundi anamalizia.

Dizeli imekataa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na stesheni ndogo za dizeli Japani iliacha kuzitengeneza zamani. Zilizopo nchini ndizo zizo hizo, zinazunguka mikononi mwetu, kila moja imeshafunguliwa na mafundi tofauti kwa njia tofauti. Ukitafuta kwenye simu utapata mbili, moja Eldoret, moja Malindi, na bei zake hazina uhusiano wowote. Sasa zina wasifu tena. Zimeishi hapa kuliko zilivyoishi Japani, na nimejikuta nikiuliza maji ya rejeta yanatoka wapi.

Nje ya gari pia kuna mambo ambayo ami hakuyapata. Septemba 2018 serikali iliweka ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa sababu yalikuwa yakichanganywa kwenye dizeli. Gari lililokuwa likinyweshwa mchanganyiko ule kabla ya hapo, pampu yake imekwanguka kwa kukosa ulaini, na nilijifunza kuitoa kasoro hiyo kwenye bei mapema. Septemba 2023 dizeli ilivuka shilingi 200 kwa lita Nairobi, na sababu ya kupenda injini hizi ikapungua. Mwaka huohuo ushuru wa magari yanayoingia ukapanda kutoka asilimia 25 hadi 35, shilingi nayo ikaporomoka hadi karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024. Matokeo yake, gari lililokuwa limekaa Ukunda bila kufanya lolote lilipanda bei. Watu waliuza kwa zaidi ya walivyonunua, jambo ambalo ami angelikataa hadharani.

Mwaka jana mpwa wangu alitaka Corolla stesheni ya 2C iliyokuwa Msambweni, apeleke samaki Diani. Mwenyewe alitaka laki tatu na themanini.

"Mjomba, kwenye simu ziko za laki nne," mpwa aliniambia.

"Hizo ni za petroli. Twende."

Boneti ilikuwa baridi. Iliwaka mara ya pili, moshi mweupe ukakata upesi. Kifuniko cha oili kilitulia. Rejeta haikutoa viputo, ila maji yalikuwa na rangi ya kutu, na mwenyewe, mzee wa makamo mstaarabu, alikiri bila kuzunguka kwamba dereva wake alikuwa akichota kisimani. Kizingiti cha mlango wa nyuma kilipenya kidole. Springi za nyuma zilikuwa zimelala. Tuliitazama rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ikaonyesha jina lake bila mkopo wowote juu yake, na hilo siku hizi nalipa uzito kama injini, maana kuna magari mazuri sana ambayo mwenye kuyauza si mwenye nayo.

Nilitoa hesabu yangu mbele yake: kusafisha rejeta na akiba ya hedi, kuchomelea, springi, matairi mawili. Ikabaki laki mbili na arobaini. Alitingisha kichwa, akatengua matairi kwa kuwa atatoa ya akiba yaliyo mapya, tukasimama laki mbili na sitini, nusu siku hiyo na nusu jina likishahamishwa. Mpwa akaongeza la kwake: kwa kuwa Mkwiro hakuna mahali pa kuegesha, gari litalala Shimoni kwa kulipia kila usiku, basi hilo nalo lipunguzwe.

"Hilo, kijana, kaidai bahari," mzee alisema, akaingia ndani kutafuta kalamu.