Dakika 30

Ndugu zangu, nilikuwa najifunza kazi kwenye ofisi moja hapa Kigali. Seva yao ya Tomcat ilibeba programu mbili: fomu za maombi na mafaili ya siri ya wakimbizi. Wazee wetu wanaandika polepole. Dakika 30 zikipita hawajatuma kitu, fomu inawatoa, wanaanza upya. Nikawahurumia. Nikafungua web.xml ya seva nzima, nikaandika 120.

Kumbe na mafaili ya siri nayo yakabaki wazi saa mbili, kwenye kompyuta ya watu wote! Nilitetemeka. Sisi tuliokimbia Kivu tunajua jina likifika kwa mtu mbaya kinachofuata ni nini.

Nikarudisha 30, ile 120 nikaiweka kwenye web.xml ya fomu peke yake. Siku hizi kabla sijagusa kitu najiuliza: hii ni ya mmoja, ao ya wote?