Mwamba Ngozi

Pembeni mwa barabara kuu ipitayo Korogwe, upande wa Manundu, kipo kibanda cha mabati cha fundi wa matairi. Hakina kibao chenye jina. Tairi kuukuu lililopakwa chokaa na kutundikwa juu ya mti ndilo tangazo lake, na wenye malori na pikipiki hulitambua kwa mbali. Mabasi ya kwenda Moshi na Arusha hupita hapo mchana kutwa, na nyuma ya kibanda, kaskazini, milima ya Usambara husimama kama ukuta wa buluu.

Alasiri moja kijana alishusha hapo rimu nne za alumini, akazipanga juu ya gunia moja moja, kwa uangalifu wa mtu apangaye vyombo vya harusi. Zilikuwa pana na zenye kina, na jua la jioni lilijaa ndani yake kama maji ndani ya bakuli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeniletea masinia?"

Kijana alicheka, lakini kicheko chake hakikudumu. Alikuwa amezinunua rimu zile kwa akiba ya mwaka mzima. Gari lake lilikuwa Toyota Altezza, gari dogo la spoti lililotengenezwa Japani kati ya mwaka 1998 na 2005, ambalo likiisha kuchakaa huko huletwa kwa meli na kuanza uhai wa pili katika barabara za Afrika Mashariki. Kiwandani lilivishwa rimu za kipenyo cha inchi 17 na upana wa inchi 7, pamoja na matairi ya milimita 215. Rimu mpya zilikuwa na kipenyo kile kile, ila upana wake ulikuwa inchi 9. Na kijana hakutaka kununua matairi mapana ya kuzifaa. Alitaka matairi yale yale ya zamani yavutwe hadi yazikamate.

Fundi alichukua futi ya kushonea nguo, akapima rimu, akapima tairi, akanyamaza. Kisha akasema, "Unataka niwambe."

Neno hilo aliliokota mahali pake. Mtu wa pwani huwamba ngozi juu ya mzinga wa ngoma, huwamba kamba juu ya kitanda, huwamba kitambaa juu ya fremu. Kuwamba si kuvuta tu. Ni kuvuta kitu kilicho kifupi hadi kikamate ukingo ulio mbali nacho, kisha kukiacha kiishi katika mvuto huo. Ngozi ikilegea ngoma hailii. Ikizidi kuvutwa inalia vizuri usiku mmoja, kesho yake inapasuka.

Mtindo huu haukuzaliwa Korogwe. Wajapani huuita kwa neno lao la kuvuta, hippari, na vijana wa Ujerumani nao wameupenda kwa miaka mingi. Sababu yake ya kwanza ni ya macho. Gari likishushwa chini na rimu pana zikasogea nje hadi usawa wa madigadi, tairi la kawaida hugusana na bati na kusugua. Tairi lililowambwa huinamisha mabega yake kwa ndani, likapita chini ya madigadi kwa nafasi ya unene wa kidole. Gari lote huonekana kama limekaza misuli, na hata likiwa limesimama hudhaniwa kuwa liko mbioni. Huo ni uzuri, na asiyeuona asiwacheke wanaouona. Watu wa visiwani waliochonga milango yao kwa maua na minyororo hawakufanya hivyo ili mlango ufunge vizuri zaidi.

Fundi huyu alikuwa na jambo lake jingine ambalo wateja wachache walilijua. Chini ya kasha la viraka alikuwa na daftari la mashairi. Aliyatunga mwenyewe, akayahesabu kwa vidole vyenye grisi, na hakuwahi kumpa mtu ayachape. Sheria alizijua, kwa kuwa katika ujana wake aliwahi kukiazima na kukinakili kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, kile kilichoziandika kanuni za utunzi kwa namna ambayo hata fundi wa matairi angeweza kujifundisha peke yake. Kwa hiyo aliposhika futi mkononi hakuwa akiwaza inchi tu.

"Mstari wa shairi lako una mizani 16," alisema. "Wewe umeleta maneno ya mizani 14. Utafanya nini?"

Kijana alikumbuka ya shuleni. "Nitarefusha neno, mzee. Mazida."

"Naam. Na mazida imeruhusiwa. Lakini mshairi akirefusha kila neno katika kila mstari, hilo si shairi tena, ni guni lililovaa kanzu."

Basi akamweleza hesabu. Kila tairi lina masafa ya rimu liliyotengenezewa. La milimita 215, la aina ya gari lile, limekusudiwa rimu za upana wa inchi 7 hadi 8. Mvuto uliomo ndani ya masafa hayo mtengenezaji amekwisha kuufikiria. Inchi 9 iko nje. Midomo miwili ya tairi, zile kingo zenye waya za chuma ndani yake, iliyozoea kukaa umbali wa inchi 7, sasa itatakiwa kusimama mbali zaidi kwa inchi 2 nzima, kila mmoja ukivutwa nje kwa inchi 1, pingili nzima ya kidole gumba. Juu ya ukuta wa tairi imeandikwa namba 87, ambayo maana yake ni kilo 545 kwa kila gurudumu. Ahadi hiyo imetolewa kwa rimu ya kipimo chake na upepo wa kipimo chake. Juu ya inchi 9 hakuna aliyeahidi kitu.

"Tairi la kawaida," fundi aliendelea, "mpira wake umetuna mbele ya rimu. Likigonga jiwe, mpira ndio uumiao kwanza. Hili lako mabega yake yatalala ndani kama paa la msonge, na chuma kitabaki nje, uchi. Shimo la kwanza ni la chuma. Tena ukuta uliokwisha kunyooshwa hauna ulegevu wa kumeza kishindo. Na upepo ukipungua kidogo, ukakata kona kwa haraka, mdomo unaweza kuchomoka kitakoni mwake. Hapo upepo hautoki kama wa pancha. Unatoka wote pamoja."

Kijana alijibu kwa adabu kwamba ameona picha nyingi za magari ya namna hiyo, nayo yanatembea.

"Yanatembea," fundi alikubali. "Barabara zake je, uliziona?"

Korogwe ni mji unaojua habari ya vipimo visivyobembelezwa. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika hapa mwaka 1902, na upana wake ni mita 1 kamili, kutoka chuma hadi chuma. Gurudumu la treni halivutwi wala halipunguzwi. Likikosa kipimo, treni huanguka. Mwaka huo huo wa 1893 ndipo mkonge ulipoletwa kutoka Florida, miche 62 tu ikisalia hai baada ya safari, na kutoka katika miche hiyo mashamba yakaenea hadi bonde la Pangani likawa mistari mitupu ya kijani. Mkonge ukazaa kamba, na kamba nayo ina kipimo chake cha kuvutwa. Kuli wa bandarini na nahodha wa jahazi walikijua kwa mikono yao kabla mtu yeyote hajakiandika kwa namba.

Ilikuwa kamba ya katani ambayo fundi aliitumia hatimaye. Alikubali kuifanya kazi. Hakukubali kwa sababu ameshindwa hoja. Alijua kwamba akikataa, kijana atakwenda kwa wale wanaopulizia petroli ndani ya tairi na kuwasha kiberiti ili mripuko ubamize midomo kwenye rimu. Kazi hiyo huonekana kama mazingaombwe, na watazamaji huipigia makofi. Fundi hakuipigia makofi. Sikio lake la kushoto halikuwa likisikia tangu ujana wake, siku aliyokuwa akijaza tairi lililogoma kukaa. Waundaji wa matairi huonya kwamba midomo isipokaa kabla upepo haujafika paundi 40, upepo utolewe na kazi ianzwe upya. Yeye siku ile alikuwa na haraka, akaacha kompresa ikaendelea kunguruma. Waya wa mdomo ukakatika. Alipozinduka alidhani mvua inanyesha, kumbe ni mlio uliokuwa kichwani mwake peke yake, nao haujatoka hadi leo.

Akapaka midomo ya tairi povu zito la sabuni. Akalizungushia tairi kamba katikati ya mgongo wake, akapitisha kipande cha mti na kuisokota, hata mgongo ukabinyika na midomo ikafunguka kwa nje, pande zote mbili, ikitafuta rimu. Akafungua upepo, akasimama kando, mkono ukiwa mbali, jicho kwenye saa ya upepo. Paundi 20. Paundi 30. Mdomo mmoja ukakaa kwa mshindo. Wa pili ukakawia, ukasogea kidogo kidogo kwenye povu, kisha nao ukalia. Watoto waliokuwa wakitazama walishangilia. Fundi alifuta uso kwa kiwiko, akaanza la pili.

Magharibi ilipoingia, yote manne yalikuwa tayari. Ukweli usemwe: yalipendeza. Mabega ya mpira yaliinama kuelekea nje hadi kwenye ukingo wa rimu, laini na membamba, kama ngozi juu ya mzinga. Fundi mwenyewe alipitisha kiganja juu yake mara mbili. Akapokea fedha yake, akasema sharti moja tu.

"Rimu zako za zamani usiziuze. Ziache hapa kwangu, juu ya dari. Siku ukizitaka, chukua. Nitakutafutia na matairi ya kuzifaa."

Kijana aliona ni neno la mzee, akakubali, akaondoka polepole akiyavuka matuta ya barabarani kwa upande, gurudumu moja moja, kama mtu avukaye kijito kwa mawe.

Wahenga walisema mwamba ngozi huvuta kwake. Mara nyingi methali hii hutumiwa kulaumu: mtu mwenye kazi mkononi huelekeza faida upande wake. Lakini ndani yake lipo jambo jingine, nalo ni kwamba ngozi haivutwi bila kuwapo upande wa pili unaopungukiwa. Kijana alivuta kwake. Uzuri ulikuwa wake, sifa za vijana wenzake zilikuwa zake, na alipokuwa peke yake ndani ya gari, hatari nayo ilikuwa yake. Mtu ana ruhusa ya kuishi na mazida yake mwenyewe. Swali ni nani mwingine anakaa ndani ya mstari.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, kabla fundi hajamaliza kufagia, gari likasimama mbele ya kibanda. Kijana alishuka, akaamkia, akakaa juu ya tairi la lori bila kusema. Rimu moja ilikuwa imepata pengo dogo ukingoni, la ukubwa wa ukucha. Fundi aliliona na hakuuliza.

"Nimekuja kwa zile za juu ya dari, mzee."

"Unauza gari?"

"Hapana. Nakwenda Handeni. Mama anaumwa miguu, nimwone, nimlete hapa akae kwangu."

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65. Barabara hiyo zamani ilikuwa ya vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Sasa ina lami, na ukitoka bondeni nchi hubadilika taratibu, ikawa kavu, ya mahindi na vichaka. Lami ile ni nzuri. Kijana alikuwa ameshaipita na matairi yake yaliyowambwa zaidi ya mara moja, akaenda na akarudi, wala hapakutokea neno. Hakuna kilichompata. Hili ndilo jambo la kuzingatia: si ajali iliyomfundisha. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amelala akimwona mama yake amekaa kiti cha nyuma, mkoba wake mapajani, akitazama nje dirishani kwa amani ya mtu asiyejua inchi wala milimita. Akatambua kwamba mama hatauliza chochote. Atapanda tu, kwa kuwa gari ni la mwanawe.

Fundi alipanda ngazi, akateremsha rimu nne za inchi 7. Zilikuwa zimefunikwa kwa gunia, na alikuwa amezifuta vumbi. Matairi ya milimita 215 alikuwa ameyapata kwa mwenye gari jingine aliyekuwa akibadilisha, nayo yalikaa juu ya rimu zake bila kamba na bila mti wa kusokota, kwa mshindo mwepesi kama mlango unaofungwa na mwenyeji. Fundi akajaza upepo, akakaza nati kwa mpango wa msalaba, akaweka zile rimu pana mahali pale pale juu ya dari.

"Hizi usinitupie," kijana alisema.

"Sitazitupa. Ni nzuri."

Kijana alilipa, akaingia barabarani. Alipofika kwenye matuta aliyavuka moja kwa moja, magurudumu mawili kwa pamoja, kama wavukavyo watu wote. Fundi alilitazama gari hadi likapotea nyuma ya lori la machungwa. Kisha akaketi kwenye kivuli, akatoa daftari chini ya kasha la viraka, akafungua ukurasa wenye shairi ambalo halijakamilika, akaanza kuhesabu tena kwa vidole. Mstari wa tatu ulikuwa na neno alilolirefusha kwa nguvu. Alilitazama kwa muda, akalikata, akaanza kutafuta neno jingine linalotosha.