Saburi ya Nyumbani

Msomaji wangu, watu wengi hudhani ya kuwa imani hujaribiwa katika mambo makubwa tu, kama njaa, msiba na vita. Mimi nami nilidhani hivyo zamani. Siku hizi naamini kwamba sufuria inayofurika, paa linalovuja na mtoto asiyeona kiatu chake huweza kumshinda mtu ambaye angesimama imara mbele ya simba. Simba huja mara moja katika maisha, au asije kabisa. Sufuria hufurika kila asubuhi.

Nakaa Kehancha, katika nchi ya Wakuria, si mbali na mpaka wa Tanzania. Nyumbani tu watu watano: mume wangu, mama mkwe, watoto wetu wawili na mimi. Kazi yangu ni ualimu. Chuoni nilifundishwa ya kuwa mwalimu asiyeweza kujitawala hawezi kutawala darasa. Neno hilo niliandika katika daftari langu, moyoni halikuingia.

Mwaka mmoja, wakati wa masika, nilijiwekea desturi ya kuamka saa kumi alfajiri nimwombe Mungu saburi. Katika mazungumzo ya kila siku twasema subira; saburi ni neno la Biblia ya Muungano, iliyotolewa mwaka 1952, na limo katika Waraka wa Yakobo. Mtume huyo aeleza kwamba sifa hiyo hupatikana kwa kupita katika majaribu. Nililipenda neno, lakini njia yake sikuitazama. Nilitaka saburi ishuke kama umande, nami nimepiga magoti mahali pakavu.

Asubuhi moja mvua ilinyesha kwa nguvu. Nilikuwa nimeomba kwa sauti, nikainuka nimeridhika na nafsi yangu. Kumbe bati la sebuleni lilikuwa limefunguka. Kuni zilikuwa mbichi, uji ulifurika ukazima moto, ndama alikata kamba akaingia katika mahindi, na pikipiki ya kunipeleka shuleni ilikuwa ikipiga honi mlangoni. Nilipoingia sebuleni nilimkuta binti yangu wa miaka saba amesimama katikati ya maji, na madaftari ya wanafunzi wangu yametapakaa miguuni pake.

Sikuuliza neno. Nilimkaripia kwa maneno ambayo sitayaandika hapa, nikampiga kofi. Hakujitetea. Niliyazoa madaftari, nikayatia mfukoni, nikaondoka.

Darasani nilifungua mfuko. Madaftari machache ya juu yalikuwa yamelowa. Mengine yote yalikuwa makavu, yamefungwa vizuri ndani ya sweta ndogo ya shule. Hapo nilifahamu. Mtoto aliona maji yakidondoka juu ya kazi ya mama yake, akavua sweta yake akayafunika, na alikuwa akiyahamisha yalipomponyoka. Asubuhi ile ya baridi alikwenda shuleni bila sweta, na shavu lake likiwa na alama ya mkono wangu.

Siku hiyo nilifundisha, lakini sijui nilifundisha nini.

Jioni nilimweleza mama mkwe. Alikuwa akisaga wimbi, wala hakuacha kusaga. Akasema, “Mwanangu, sala yako ya alfajiri niliisikia, na makelele yako ya asubuhi niliyasikia pia. Mungu kazisikia sauti zote mbili.”

Katika nyumba nyingi si desturi ya mkubwa kumwomba mdogo radhi. Wazazi huogopa kwamba heshima itaanguka. Lakini nilikumbuka habari ya uamsho wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1929, huko Namirembe, katika mji wa Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Gahini, Rwanda. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka iliyofuata uamsho ulienea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka, nao walijulikana kwa kuungama makosa yao waziwazi na kuombana radhi, Mzungu kwa Mwafrika na mume kwa mke. Kwao wokovu usioonekana nyumbani ulikuwa na walakini.

Basi nilimwita binti yangu mbele ya watu wote wa nyumbani, nikapiga magoti ili macho yetu yalingane, nikasema, “Nimekukosea. Ulinitendea wema nami nikakulipa ubaya. Nisamehe.” Aliniangalia kwa muda. Kisha akauliza, “Mama, madaftari yalipona?” Nikamjibu kuwa yalipona. Akacheka, akanikumbatia.

Heshima yangu haikuanguka. Tangu siku ile mtoto huyo akikosa huja mwenyewe kusema, maana amemwona mkubwa akifanya vivyo hivyo.

Nawe, kijana msomaji, huenda huna nyumba yako bado, lakini una ndugu mdogo anayechukua kalamu yako, na mwenzako bwenini anayekuamsha usiku. Usingoje simba. Uliza kabla ya kuhukumu. Na ukiwa umekwisha hukumu vibaya, rudi ukaombe radhi. Bati la sebuleni tulilipigilia misumari. Jikoni bado panavuja, na uji jana ulifurika tena. Niliutazama, nikavuta pumzi, nikauliza kwanza nani alikuwa akiuangalia. Nilikuwa mimi.