Rojo la Epo, Bila Sukari Jamani!

Nasema epo, maana ukiulizia matufaa pale sokoni Kariakoo waweza kuonyeshwa yale mekundu ya Unguja yenye majimaji. Mimi nazungumzia hizi za baridi. Mama mkwe wangu anazo kwake Lushoto, na kila akija Dar hushusha kikapu kizima, ndogo ndogo na kali kidogo.

Mwaka jana mtoto wetu alipofikisha miezi minane nikaanza kumpikia rojo lake. Bibi akaonja, akakunja uso. "Mwanangu, mnamlisha siki?" Mkono ukaenda kwenye kopo la sukari. Mume wangu je? Macho kwenye mpira!

Shoga, usiharakishe kumlaumu bibi. Huyu alilea watoto watano miaka ile ya mwanzoni mwa 1980, sukari ikipatikana kwa foleni. Kumtilia mtoto kijiko kilikuwa kipimo cha mapenzi. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe vyakula vyenye sukari nyingi. Na mimi ndiye ninayempeleka kliniki.

Usiku nikamwambia mwenzangu: "Baba, kesho sema wewe. Nikisema mimi ni mkwe jeuri, ukisema wewe ni mwanawe." Akageukia ukutani. Nikajua amesikia.

Sasa mapishi, maana utamu upo, ni kuujua tu. Chukua epo mbili kali na nne nyekundu za dukani zilizoiva vizuri. Menya, toa kokwa, katakata. Maji robo kikombe, basi. Wengi hapa humwaga maji kama wanachemsha viazi, rojo linapooza, ndipo sukari inapotafutwa. Funika, moto mdogo, dakika 15 hadi 20. Zikilainika ponda kwa mwiko, kisha acha sufuria wazi maji yapungue. Hapo ndipo utamu wa tunda unapokolea. La wakubwa pika na maganda yake, linakuwa zito zaidi, halafu ulichuje. Na kwa kuwa halina sukari ya kulihifadhi, usilipitishe siku tatu kwenye friji. Linalobaki ligandishe kwenye kitreyi cha barafu, kipande kimoja kwa mlo.

Asubuhi nikawasikia jikoni wakiongea Kisambaa. Nilichoambulia ni neno moja tu, "sukari". Kimya kirefu. Kisha bibi akaniita. "Mkwe, mdalasini unao?" Nikampa kijiti kimoja, akakitumbukiza mwenyewe kwenye sufuria, akakoroga, akaonja. Safari hii hakukunja uso. Hakusifu pia.

Alikaa wiki mbili. Kwenye chai yake anaweka vijiko vitatu vilivyojaa, na hapo mimi sitii neno.