Msiba Usio na Matanga

Katika vitabu vya ubatizo vya Meksiko enzi za Wahispania, padri hakuandika jina la mtoto tu. Aliandika na damu yake: Mhispania, mwenyeji, chotara, mulato (chotara mwenye damu ya Kiafrika). Watumwa waliovushwa kutoka Luanda hadi bandari ya Veracruz, wengi wao kati ya miaka ya 1590 na 1640, walipewa majina ya Kikristo, kisha wakabandikwa walikotoka: María Angola, Juan Congo. Huo ni uandishi wa mwenye mali anayehesabu mali yake. Hata hivyo, anayetafuta leo alama za Waafrika hao, wanaokadiriwa kufika laki mbili, huzikuta humo.

Kisha ukaja uhuru, na uhuru ukaacha kuandika. Septemba 1822, Bunge la taifa jipya lilipiga marufuku kutaja asili ya raia katika nyaraka. Mwaka 1829 Rais Vicente Guerrero, aliyewahi kuwa mwendesha nyumbu na mwenye damu ya Kiafrika, akafuta utumwa. Ningekuwapo ningeshangilia yote mawili. Nani angetaka mwanawe aandikwe mulato maisha yake yote? Lakini mjukuu wa Juan Congo akawa Mmeksiko asiye na babu. Mwandishi José Vasconcelos alipousifu mchanganyiko wa damu katika kitabu chake cha 1925, mtu mweusi alitarajiwa kuyeyuka humo. Shuleni watoto wakafundishwa kwamba taifa lina wazazi wawili, Mhispania na mwenyeji.

Kufiwa kwa kawaida kuna matanga, kuna arobaini. Huku hakuna, kwa sababu mfiwa hajui kuwa amefiwa. Kimbundu na Kikongo, lugha za watumwa wale na ndugu wa Kiswahili hiki, vilisemwa katika mashamba ya miwa ya Veracruz. Vilinyamaza huko bila mtu kuandika nani alikuwa wa mwisho kuvisema. Tunalia nini hasa, ikiwa hata siku ya kifo haijulikani?

Kwenye pwani ya Pasifiki, Costa Chica, wazao wa Waafrika hao wangalipo. Siku za kuwakumbuka wafu hucheza ngoma ya mashetani, wamevaa vinyago vyenye ndevu za manyoya ya farasi, huku taya la mnyama likikwaruzwa kama ala. Ngoma imebaki, masimulizi ya ilikotoka yamebaki vipandevipande. Wengine wao, wakisafiri ndani ya nchi yao, wamesimamishwa na maofisa na kuamriwa waimbe wimbo wa taifa ili wathibitishe kuwa si wageni. Wapo waliofukuzwa nchini. Na sehemu ya pwani hiyo imo katika jimbo linaloitwa Guerrero, kwa heshima ya rais yuleyule.

Katiba iliwatambua Agosti 2019, miaka 190 baada ya utumwa kufutwa. Sensa ya 2020 ikawauliza, na watu 2,576,213 wakajitambulisha kuwa wenye asili ya Afrika, kama wawili katika kila mia. Ni haki iliyochelewa mno, na haiwarudishii lugha zile.