Kumbe mama alikuwa anaikimbia pikipiki

Mwezi wa tatu nilirudi nyumbani Mukendo, mjini Musoma, kwa wiki moja. Jioni ya pili mama alikuwa ananawa miguu kibarazani. Nikaona kovu jeusi, ukubwa wa kizibo cha soda, kwenye kigimbi cha mguu wa kulia, upande wa ndani.

“Ekzosi hiyo, ya siku nyingi,” akasema, kisha akaanza kuniuliza habari za kazini.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Nimeshaandika mara nyingi kuhusu wagonjwa wa presha wanaoacha dawa, na sababu nilizozizoea ni zile zile: mtu anadhani amepona, amehamia kwenye mitishamba, au hana nauli. Kwa hiyo nilipofungua daftari lake la kliniki nikakuta tarehe ya mwisho ni ya Novemba, hotuba nilikuwa nayo tayari. Nauli nilikuwa namtumia kwenye simu kila mwezi. Nilimuuliza kwa ukali ambao mpaka leo unanikera.

Alinyamaza kidogo. “Mwanangu, ile pikipiki itaniua kabla ya presha.”

Bajaji haifiki kwetu. Kutoka Barabara ya Mukendo hadi mlangoni ni mawe na vikorongo, na kwa magoti yake kushuka kwa miguu ni adhabu. Anayembeba ni kijana wa kijiwe cha hapo chini, mstaarabu, anayemwamkia kabla hajazima injini. Sikuwa na la kumlaumu. Kesho yake asubuhi nikamwomba anibebe mimi kwanza, njia ile ile ya kliniki, nikae pale pale anapokaa mama.

Tulipofika lami nilikuwa nimeshaelewa. Cha kukanyagia abiria upande wa kulia kilikuwa kimevunjika, mguu unaning'inia jirani na ekzosi. Kila tuta lilinipiga kiunoni kama nimerushwa juu ya benchi. Na kwa kuwa nilikaa nyuma kabisa, karibu na karia, kama mama anavyokaa kwa heshima ili asimguseguse dereva, nilikuwa nyuma ya ekseli ya tairi, mahali ambapo pikipiki inarusha kuliko popote.

Tukaenda kwa fundi. Hapo ndipo kijana aliponieleza kwamba jioni anabeba magunia ya mahindi na dagaa, kwa hiyo shokapu za nyuma zimekazwa hadi mwisho na tairi limejazwa upepo wa mzigo. Gunia halina mgongo, haliwezi kulalamika. Fundi alichukua spana akazungusha pete iliyo chini ya springi, shokapu zikalegea ngazi mbili. Upepo ukapunguzwa hadi kipimo cha kubeba mtu, si zaidi ya hapo, maana tairi lenye upepo mdogo mno nalo linayumba. Cha kukanyagia kikafungwa kipya chenye mpira wake. Nililipa mimi, na bei yake haikufika nauli ya miezi miwili niliyokuwa natuma bure.

“Mama hajawahi kusema chochote,” kijana akaniambia, kama anayejitetea. Ni kweli. Nilipomuuliza mama kwa nini hakusema, alishangaa. “Nimwambieje? Ni chombo chake.”

Sehemu iliyobaki ilikuwa ya mama, na ilikuwa ngumu kuliko ya fundi. Alikuwa akikaa upande kwa sababu ya gauni. Ukikaa upande uti wa mgongo unajipinda safari nzima, na dereva akifunga breki ghafla huna pa kushika. Sasa anavaa suruali ya traki ndani ya gauni, alicheka sana siku ya kwanza, na kanga anaifunga kiunoni ili isiingie kwenye spoku. Anapandia kushoto, mbali na ekzosi, akisimama juu ya ngazi ya kibaraza ili goti lisikunjwe sana. Anasogea mbele karibu na dereva na kushika chuma cha pembeni mwa siti. Wakikaribia tuta kijana anasema “tuta, mama,” naye anakanyaga kwa nguvu na kujiinua kidogo, miguu ipokee kishindo badala ya kiuno.

Kofia ngumu tuligombania. Ile ya kijana inanuka jasho la abiria wote wa Musoma, na hapo namwelewa kabisa. Lakini tafiti za nchi mbalimbali zilipojumlishwa pamoja zilionyesha kwamba kofia hiyo inapunguza hatari ya kifo kwa takribani asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Nikamnunulia yake. Inakaa juu ya kabati, karibu na redio.

Tulipokwenda kliniki pamoja presha yake ilikuwa 178 kwa 104. Muuguzi aliniangalia mimi, si yeye. Presha ya kiwango hicho inaweza isiume popote mpaka siku mshipa wa kichwani unapopasuka au kuziba, nami hayo nimeyaandika kwa mkono wangu zaidi ya mara moja. Miezi minne ya kukosa dawa, na mimi kila mwisho wa mwezi natuma pesa na kuuliza, “Umekwenda?” naye anajibu, “Namshukuru Mungu.” Sikuwahi kumuuliza anakwendaje.

Mwezi uliofuata alikwenda bila mimi, presha ikawa 152 kwa 92. Bado ipo juu, wamemwongezea dozi. Alinipigia simu akiwa bado kwenye foleni ya dawa. Kijana amebadilisha tairi la nyuma, akasema, na amemwambia arudi tena kwa fundi, maana linadunda.